Mlima Uliohamishwa kwa Manufaa ya Umma

Kabla hamjaanza kutusema, maana nawajua kwa kutusema, naomba muelewe jambo moja: nchi yetu ina mlima. Ulikuwepo zamani, upo sasa, na utakuwepo kesho hata ikibidi tuutengeneze wenyewe, na kweli ilibidi. Unaitwa Nundu. Umo kwenye nembo ya taifa, umo kwenye sarafu, umo kifuani kwenye jezi ya timu yetu ya mpira, ile inayofungwa kila mwaka kwa nidhamu. Mtu akikwambia hatuna mlima, huyo ana chuki zake binafsi.

Ni kweli kwamba ule wa kwanza ulisagwa. Sikatai. Nundu ulikuwa jiwe la chokaa kutoka juu hadi chini, na chokaa ndiyo saruji, na saruji ndiyo maendeleo, sasa mlitaka tufanyeje? Kiwanda kilijengwa ubavuni mwake baba yangu akiwa kijana. Wataalamu walikuja wakatueleza kwamba kiwanda hufuata malighafi, na mazingira hufuata kiwanda, na kwamba hiyo ndiyo jiografia. Tukapiga makofi. Baruti zikaanza kulia kila adhuhuri, na kila adhuhuri mlima ukapungua kama kipande cha sabuni.

Mto nao ulipangiwa kazi. Zamani ulipita kijijini kwetu kwanza, lakini ukaelekezwa upite kiwandani ndipo uje kwetu, na ulipokuja ulikuwa mweupe na mzito. Wizara ikaupandisha cheo ukaitwa Mto Maziwa. Vumbi likafunika mikorosho hadi matawi yakainama, Wizara ikatangaza kwamba sasa tuna theluji, kitu ambacho nchi nyingi za joto hazijajaliwa. Watalii wawili walikuja kuipiga picha wakaondoka wanakohoa. Mwalimu wa jiografia pale shuleni ndiye aliyepata tabu zaidi. Muhula wa kwanza, jibu sahihi la Nundu uko wapi lilikuwa kaskazini ya mji. Muhula wa pili likawa kaskazini ya mji, kwa kiasi. Muhula wa tatu swali likafutwa, na baadaye mwalimu akafutwa mwenyewe.

Lakini chochote kinachokula lazima kitoe. Udongo usiofaa, majivu ya tanuri, mawe mabovu na lile tope jeupe la mitambo vilipakiwa kwenye malori vikamwagwa upande wa kusini, juu kidogo ya kijiji chetu. Kaskazini mlima ulikuwa unashuka, kusini lundo linapanda. Ukikaa barazani ulikuwa unaona vyote viwili kwa wakati mmoja, bila kiingilio. Kijiji chetu kilikuwa na jina lake la wazee, lakini watu walianza kukiita Chini ya Lundo, na jina likakaa.

Nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyoligeuzia lundo mgongo, ilikuwa ya kaka yangu Makungu. Kaka alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe kiwandani tangu ujana hadi kifua kilipokataa. Siku hizo alikuwa wa kitandani. Hakuweza kukaa bila kushikwa, na pumzi yake ungeisikia hata ukiwa nje unavua viatu. Mkewe ni Sikitu, shemeji yangu, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, nami nimelia kwa maneno yake mara nyingi kuliko nilivyolia kwa ya mke wangu.

Shemeji ndiye aliyegundua kwamba lundo limeanza kutembea. Kwanza mlango wa nyuma ukagoma kufunguka. Kisha jiko la uani likajaa tope, akahamishia mafiga mbele ya nyumba. Kisha ukuta wa chumba cha kaka ukapata tumbo, ukavimba kwa ndani, na kitanda kikasogezwa na kusogezwa hadi kikafika mlangoni. Tangu hapo shemeji alikuwa na ombi moja tu duniani: Makungu aondolewe pale kabla lundo halijamshukia. Hakuomba nyumba mpya, hakuomba fidia. Aliomba gari la wagonjwa na kitanda mahali popote palipo tambarare.

Alikwenda kwa Afisa Kifusi wa Wilaya, Bwana Kasinde. Huyu Kasinde ni mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale, na nasema hivyo kwa kumtendea haki. Alikuja mwenyewe, akaukanda ule ukuta kwa kiganja, akasema hali si nzuri. Akaahidi gari. Tulifurahi sana, shemeji akapika wali.

*

Wiki hiyo hiyo ikatangazwa kwamba Rais wa nchi rafiki anakuja kututembelea, na kwamba mgeni huyo anapenda milima.

Ikulu kukatokea kiwewe. Inasemekana mgeni alikuwa amezawadiwa sarafu yetu ya dhahabu, akaupenda mlima uliomo, akaandika kwamba akifika atataka kuupanda kwa miguu yake. Mtu wa itifaki akatumwa kaskazini kwenda kuangalia njia ya kupandia. Alikuta shimo. Alizunguka shimo lile asubuhi nzima, akarudi mjini akalazwa.

Tushukuru tuna Mheshimiwa Lutandula. Yeye ni Waziri wa Viwanda na Mandhari, wizara mbili zilizounganishwa zamani ili zisigombane. Alikuja kijijini kwetu na bendi ya shaba na hema, akasimama huku lile lundo liko nyuma yake, akatoa hotuba ambayo naikumbuka yote lakini nitawapunguzia.

"Ndugu wananchi," alisema, "mlima wetu wa kwanza uliwekwa kaskazini bila sisi kushirikishwa. Hatukuulizwa. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya dunia, mlima umepangwa na wananchi wenyewe, umejengwa na viwanda vya wananchi wenyewe, na umesogezwa karibu na wananchi wenyewe. Kuanzia saa hii, hapa ndipo Nundu ulipo."

Bendi ikapiga. Lundo likawa mlima tukiwa tunalitazama, na mimi niliyekuwa mstari wa mbele nathibitisha kwamba halikutikisika hata kidogo. Vijana wa kazi za dharura wakaletwa kulipandikizia majani. Majani yalipokauka, wakaletwa wengine kuyapaka rangi ya kijani. Kileleni wakajenga jiwe kwa saruji, ili pasikosekane jiwe. Kijiji kikaitwa Chini ya Mlima. Na Bwana Kasinde akawa Afisa Mlima bila hata kubadilisha kiti.

Shemeji akarudi ofisini kwake kuulizia gari. Nilimsindikiza. Kasinde alitupa viti, akatuuliza hali ya mgonjwa, akasikitika kikwelikweli.

"Mama," akamwambia, "ile hatari uliyonieleza ilikuwa ya lundo. Nami niliikubali kama hatari ya lundo. Lakini lundo halipo tena."

"Lipo mgongoni mwa nyumba yangu, baba. Limeingia chumbani."

"Pale pana mlima. Mlima hauporomoki, mama, ndiyo maana ukaitwa mlima. Nikimhamisha mzee Makungu, nitakuwa nimemwambia mgeni wetu kwamba tunauogopa mlima wetu."

Shemeji akauliza kama ukuta nao umeambiwa. Kasinde alitoa kitambaa akajifuta uso, akatusindikiza hadi mlangoni, akatushika mikono yote miwili. Nilikasirika, lakini kumkasirikia mtu aliyekushika mikono yote miwili ni kazi ngumu, jaribuni mtaona.

*

Hapa sasa ndipo mtasema sisi ni wajinga. Semeni, nimeshawazoea.

Zamani, mvua zikikosa, kila nyumba ilibeba kibuyu cha maji hadi kileleni mwa Nundu. Yale maji ya mwisho, yaliyobaki mtungini. Mnafika, mnayamwaga juu ya jiwe, mnauambia mlima: tumekunywesha, nawe tunyweshe. Mnashuka bila kugeuka nyuma. Ndivyo walivyofanya bibi zetu na mabibi wa bibi zetu. Jiwe lilikuwa halinywi kitu, maji yalitiririka pembeni yakapotelea kwenye nyufa, na mvua ilikuja ilipojisikia. Lakini tulishuka tumetulia. Mtu aliyetoa maji yake ya mwisho hana tena la kujilaumu.

Tangu mlima usagwe, hatukuwa na pa kumwaga. Na mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili. Mahindi yalikufa yakiwa magotini, ng'ombe wakauzwa wakiwa mifupa, watu wakawa wanalala mchana ili wasihisi njaa. Mnajua mtu aliyefiwa na asiyejua kaburi la mtu wake anavyohangaika? Ndivyo tulivyokuwa. Kwa hiyo Wizara ilipotangaza kwamba siku ya mgeni tutaunywesha mlima, kama zamani, kwa gharama ya serikali, wanawake walipiga vigelegele na wazee wakalia hadharani. Hakuna aliyetulazimisha kufurahi. Mke wangu alisugua kibuyu cha mama yake hadi kikang'aa. Tulijua fika kwamba lile ni taka la kiwanda, lilimwagwa mbele ya macho yetu, lakini lilikuwa refu, lilikuwa na jiwe juu, na sisi tulikuwa na kiu ya kumwomba mtu.

Serikali haijui kufanya jambo dogo. Kibuyu kimoja kwa kila nyumba kilionekana ni ufukara mbele ya mgeni. Wakaagiza magari ya maji kutoka wilaya zote, na yale ya zimamoto yenye mipira minene, na yakachongewa barabara ya kuzunguka hadi kileleni. Maji ambayo tulikuwa hatujayaona misimu miwili yalipita mbele ya nyumba zetu, msafara mzima, yakipanda kwenda kunyweshwa mlima.

Shemeji peke yake hakusugua kibuyu. Alisimama mlangoni akiyatazama magari. Akaniambia Nundu wa mawe ulikuwa ukinywa unatema, lakini hili litakunywa lilewe. Kisha akasema tumtoe kaka usiku au mchana, kwa kibali au bila kibali, na mimi nikasema sawa.

*

Kumtoa hakukuwa rahisi, kwa sababu ya ulinzi. Kijiji kilikuwa kimezungushiwa uzio na kuwekewa kizuizi barabarani. Hakuna mkazi kutoka hadi mgeni aondoke. Mlima usio na watu chini yake, walisema, unaonekana umetelekezwa.

Mara ya kwanza tulimbeba kaka kitandani, sisi wanaume wanne, peupe kabisa. Afande wa kizuizini alisema mgonjwa anaruhusiwa kuumwa lakini haruhusiwi kuondoka. Tukamrudisha. Kaka alikuwa anatutazama kutoka kitandani kwa haya, utadhani yeye ndiye aliyetusumbua.

Shemeji ndiye aliyeuliza ni nani basi anayeruhusiwa kutoka, akaambiwa ni maiti tu, kwa ajili ya harufu.

Sitawaficha. Tuliazima jeneza msikitini. Shemeji alishona sanda kwa shuka lao la harusi, huku ameikaza midomo. Nilipomweleza kaka mpango wetu, nilitegemea atakataa, mtu kuvishwa sanda akiwa hai si jambo dogo. Akafikiri kidogo, akauliza kama kutakuwa na nafasi ya kupumulia. Tukamwachia nafasi. Tukamwekea pamba puani lakini kidogo sana, kwa ajili ya kuonekana.

Kijiji kizima kilikuja kuzika. Wengine walijua, wengine hawakujua, na wote walilia vilevile. Mimi nililia kwa kweli. Nilikuwa nimebeba mguu wa kulia wa jeneza, na ule wepesi wake ndio ulioniliza, kaka yangu aliyekuwa ananibeba mabegani nikiwa mdogo amekuwa mwepesi namna ile. Tulipofika kizuizini, afande alivua kofia. Askari wakasimama wima. Mti wa kizuizi ukainuliwa, tukaanza kupita.

Ndipo likapita lori la kiwanda. Lilikuwa linakwenda kasi kama yaendavyo malori yao siku zote, likatuachia wingu la vumbi, na ndani ya jeneza kaka yangu akakohoa.

Msafara ukasimama. Nikasema haraka kwamba nimekohoa mimi. Akakohoa tena, kikohozi kile kirefu cha watu wa mashine ya kusaga ambacho mtu mwingine hawezi kukiiga. Afande akavaa kofia yake, akatuamuru tushushe na tufunue. Kaka alikuwa amefumbua macho, machozi yanamtoka kwa kujikaza, pamba imeanguka shavuni.

"Samahani, afande," akasema. "Nilijizuia sana."

Ilibidi Bwana Kasinde aitwe. Kujifanya marehemu bila kibali ni kosa, na mabango ya mapokezi yalikuwa yamesimama mita chache kutoka pale. Lakini Kasinde alikuwa na huruma. Alisema hatatufunga, alisema anaelewa machungu ya familia. Akamteua shemeji papo hapo kuwa Mwenyeji wa Mlima, yule atakayempokea mgeni kileleni na kumwaga kibuyu cha kwanza. Na akaapa, mbele yetu sote, kwamba gari la wagonjwa litakuja kumchukua Makungu mara tu baada ya sherehe.

"Kwa nini si kabla?" shemeji akauliza.

"Kabla kuna sherehe, mama."

Tukamrudisha kaka nyumbani na jeneza. Shuka la harusi lilikuwa limechafuka vumbi, shemeji akalifua akalianika.

*

Siku yenyewe, kuhudhuria kulikuwa lazima kwa kila mkazi. Askari walipita nyumba kwa nyumba. Walipomfikia kaka, wakamwona hawezi hata kukaa, wakasema basi atahesabiwa kwamba amekwenda. Shemeji akamwachia maji kwenye kikombe, redio karibu na sikio ili asikie sherehe, na mlango wa mbele wazi. Nilimsikia anamwambia atarudi na gari. Kaka akamwambia avae viatu, kule juu kuna mawe makali.

Tukapanda. Mlima ulikuwa unabonyea miguuni, rangi ya kijani ikatushika kwenye nyayo na pindo za nguo. Mgeni alikuwa mtu mnene mchangamfu, alihema njiani akasema huu ni mlima halisi, maana miguu inamuuma. Wakubwa wote wakacheka. Mheshimiwa Lutandula akahutubia, kisha mgeni akahutubia, kisha Mheshimiwa akashukuru hotuba ya mgeni kwa hotuba nyingine. Nyuma yetu magari ya maji yalikuwa yamepanga mstari, mipira imekwishanyooshwa.

Shemeji akaitwa. Alisogea na kibuyu alichopewa, akasimama mbele ya mgeni, na badala ya kukimwaga akakikumbatia.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "msimwage. Chini kuna mtu."

Mkalimani alimtazama Waziri, akamtazama mgeni, kisha akatafsiri kwamba wananchi walioko chini wanamsalimia. Mgeni akafurahi mno. Akasogea ukingoni, akapunga mkono kuelekea nyumba ya kaka yangu.

Wakamnyang'anya shemeji kibuyu, akamwaga afisa mwingine. Ishara ikatolewa, mipira ikafunguliwa yote kwa pamoja, na sisi wengine tukanyanyua vibuyu vyetu tukamwaga, tukasema yale maneno. Tumekunywesha, nawe tunyweshe. Mama mmoja karibu yangu alikuwa anayasema huku akitetemeka mwili mzima kwa furaha. Maji hayakutiririka pembeni. Yaliingia. Yaliingia yote kama vile hapakuwa na mwisho wa kuingia.

Halafu upande wa kijiji ukaondoka.

Sijui niseme vipi. Haukupasuka, haukunguruma sana. Uliteremka mzima mzima na majani yake ya rangi, ukaacha sisi tumesimama upande wa pili. Mgeni alipiga makofi, akidhani imo kwenye ratiba, na kwa kuwa mgeni amepiga makofi ikabidi wakubwa wapige. Shemeji alikuwa ameshaanza kukimbia. Viatu vilimtoka vyote viwili.

Tulipofika chini, nyumba ya mwisho haikuwepo, wala iliyoifuatia. Palikuwa na kitu cheupe kinachochemka mapovu, kimelala, kinateleza bado. Shemeji alikuwa kiunoni ndani yake, anaita jina la mumewe. Tulimvuta wanaume watatu.

*

Taarifa ya Wizara ilisomwa jioni ile ile. Ilisema kwamba mlima, kwa kuguswa na upendo wa wananchi, umewasogelea zaidi. Ilisema hakuna aliyepoteza maisha, kwa kuwa mahudhurio kileleni yalikuwa ya wakazi wote bila kukosa, na mtu hawezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Kaka yangu alikuwa amehesabiwa juu. Kwa hiyo hakuwa chini.

Na gari la wagonjwa lilikuja, msije mkasema serikali yetu haitimizi ahadi. Lilikuja mara tu baada ya sherehe, kama alivyoapa Bwana Kasinde. Dereva aliulizia mgonjwa, akaonyeshwa pale palipokuwa na nyumba, akasubiri kidogo, akageuza.

Lile tope likakauka kwa jua. Likawa gumu juu, laini ndani. Shemeji akaanza kuchimba kwa sufuria, kwa sababu jembe lake lilikuwa ndani ya nyumba. Tukaja sisi na majembe yetu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Wale waliomwaga vibuyu walikuja wakachimba kimya, na yule mama aliyetetemeka kwa furaha alichimba kuliko wote, mpaka kucha zikamtoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Ndipo Bwana Kasinde akaja na askari. Alikuwa amekonda. Akatoa salamu, akatoa pole, kisha akatufahamisha kuhusu Sheria ya Hifadhi ya Mlima, ambayo sote tuliisikia kwa mara ya kwanza. Tulichokuwa tunakichimba ni Nundu. Hata ukilala, alisema, ni Nundu. Kuuchimba ni jela.

Shemeji aliendelea kuzoa. Akasema yeye ameona mlima mzima unachimbwa tangu ameolewa, na hajaona askari hata mmoja.

"Kile ni kiwanda, mama," Kasinde akasema. "Kiwanda kina kibali. Mtu akichimba mlima anaharibu, kiwanda kikichimba kinazalisha."

"Basi niandike kiwanda."

Askari mmoja alicheka, akaacha katikati. Kasinde alibaki amesimama. Nadhani mafunzo aliyopewa hayakumwachia njia nyingine, kwa sababu aliuliza swali ambalo anamuuliza kila mwekezaji.

"Kitazalisha nini?"

"Mume wangu," shemeji akasema. "Mmoja tu."

Kasinde akasema kwa sauti ndogo kwamba bidhaa mpya lazima ziamuliwe na Wizara, atalipeleka ombi yeye mwenyewe. Hakusema tuache kuchimba, wala hakusema tuendelee. Akaingia kwenye gari akakaa muda mrefu kabla ya kumwambia dereva aondoe.

Ombi linashughulikiwa mpaka leo. Sisi tunachimba, na kila asubuhi tunakuta tope limerudi nusu ya tulipofika. Malori yameanza tena kumwaga pale juu, maana kileleni pamebonyea na Wizara inataka mlima urudie urefu wake.

Jana alasiri jembe langu liligonga bati la paa. Ulikuwa mlio mdogo tu, lakini shemeji aliusikia kutoka upande wa pili. Aliweka sufuria chini. Akafungua kanga ya kiunoni, akaikung'uta vumbi, akaitandika palepale iwe tayari kumpokea. Mimi nikainua jembe tena, kwa pupa, nilitaka tu kumaliza. Akanishika mkono.

"Polepole, shemeji," akaniambia. "Usije ukamuumiza."